Usawa wa kijinsia katika mikopo ya maendeleo: Funzo kutoka Juba

Wakopeshaji wakubwa wa kimataifa sasa huuliza, kabla ya kuidhinisha mradi, jinsi utakavyowagusa wanawake na wanaume. Sudan Kusini, iliyozaliwa wakati sharti hilo likianza kutiliwa mkazo, inaonyesha ni lini swali hilo huzaa matunda na ni lini hubaki maandishi tu.

Kila asubuhi katika soko la Konyokonyo mjini Juba, wanawake hupanga mboga, karanga na samaki waliokaushwa, huku wengine wakichochea majiko ya mkaa kando ya barabara ili kuwauzia chai wapita njia. Wengi wa wafanyabiashara wadogo wa aina hii huishi kwa mtaji wa siku moja: kinachouzwa leo ndicho kinachonunua bidhaa za kesho. Mtoto akiugua, mtaji huishia hospitalini na biashara husimama.

Mradi wa kimataifa wa maji, umeme au barabara humgusa mfanyabiashara huyo hata kama hajatajwa popote katika mkataba wake. Bomba la maji likifika karibu na nyumba yake, anaokoa saa ambazo angezitumia kutafuta maji au fedha ambazo angewalipa wenye magari ya maji. Nguzo za umeme zikipita mbele ya kibanda chake naye hana uwezo wa kulipia kuunganishwa, mradi unampita. Kuingiza usawa wa kijinsia katika mikopo ya maendeleo ni kuyapima mambo kama haya mapema, kuyatengea fedha, na baadaye kurudi kuhesabu kilichotokea.

Kwa nini swali hili lilichelewa

Kwa miongo kadhaa baada ya Vita Vikuu vya Pili, wachumi wa maendeleo walihesabu kaya kama kitu kimoja. Mapato yalidhaniwa kugawanywa sawa ndani ya nyumba, na mkulima alichukuliwa kuwa mwanamume. Mwaka 1970 mwanauchumi wa Denmark, Ester Boserup, alichapisha kitabu kilichoonyesha kuwa katika sehemu kubwa ya Afrika wanawake ndio waliokuwa wakibeba kazi ya kilimo cha chakula, na kwamba mipango ya kukifanya kilimo kiwe cha kisasa iliwapa wanaume mbegu, mafunzo na mikopo.

Benki ya Dunia ilimteua mshauri wake wa kwanza wa masuala ya wanawake na maendeleo, Gloria Scott wa Jamaica, mwaka 1977. Shinikizo likaongezeka kupitia mikutano ya Umoja wa Mataifa, na hapo Afrika Mashariki ina mchango wake. Mkutano wa tatu wa dunia kuhusu wanawake ulifanyika Nairobi mwaka 1985. Ule wa nne, uliofanyika Beijing mwaka 1995, katibu mkuu wake alikuwa Gertrude Mongella wa Tanzania, ambaye hadi leo wengi humwita Mama Beijing. Rais wa Benki ya Dunia wa wakati huo, James Wolfensohn, alihudhuria mkutano huo, na wanaharakati wakatumia nafasi hiyo kuitaka benki ioneshe kwa vitendo jinsi mikopo yake inavyowafikia wanawake.

Sera rasmi ya benki hiyo kuhusu jinsia ilitolewa mwaka 1994 na kufanyiwa marekebisho mwaka 2003. Ripoti yake kuu ya maendeleo ya dunia ya mwaka 2012 ilijikita moja kwa moja katika usawa wa kijinsia. Katikati ya kipindi hicho, IDA, tawi la Benki ya Dunia linalozihudumia nchi maskini zaidi, lilifanya jinsia kuwa mojawapo ya mada zake maalumu katika mzunguko wa ufadhili ulioanza Julai 1, 2011. Siku nane baadaye, Julai 9, Sudan Kusini ilipandisha bendera yake mjini Juba.

Maswali matatu ya kila mradi

Tangu mwaka 2016 Benki ya Dunia imekuwa ikitumia kipimo kinachojulikana kama alama ya jinsia. Mradi hupewa alama hiyo iwapo nyaraka zake zinajibu maswali matatu yanayofuatana.

Swali la kwanza ni la uchambuzi: kuna pengo gani kati ya wanawake na wanaume katika sekta hii, mahali hapa? La pili ni la hatua: ni shughuli gani mahususi ya mradi itakayopunguza pengo hilo? La tatu ni la ufuatiliaji: ni kiashiria gani kitakachoonyesha mwishoni kwamba pengo limepungua?

Jibu moja likikosekana, mnyororo hukatika. Mradi unaoeleza kwa kirefu mateso ya wanawake bila kuwatengea shughuli yoyote haustahili alama. Unaoahidi mafunzo kwa wanawake 500 bila kusema mafunzo hayo yanatibu tatizo gani nao haustahili. Benki ya Maendeleo ya Afrika ina utaratibu wake wa aina hiyo, unaoipanga miradi katika makundi kulingana na uzito ambao suala la jinsia limepewa ndani yake.

Kwa Sudan Kusini neno mkopo linahitaji ufafanuzi. Nchi hiyo ilijiunga na Benki ya Dunia Aprili 2012, na kwa kuwa iko katika hatari kubwa ya kulemewa na madeni, fedha inazopewa na IDA siku hizi ni ruzuku isiyolipwa. Hata hivyo hupita katika hatua zile zile za mkopo: uchambuzi, majadiliano na serikali, idhini ya bodi ya wakurugenzi, na masharti ya matumizi. Hivyo maswali matatu ya jinsia huulizwa Juba kama yanavyoulizwa Nairobi au Dar es Salaam.

Takwimu kabla ya fedha

Ugumu wa kwanza mjini Juba ni kujibu swali la kwanza. Pengo halipimiki pasipo takwimu zinazowatenganisha wanawake na wanaume, na Sudan Kusini ilianza uhuru ikiwa na takwimu chache mno.

Sensa ya mwaka 2008, iliyofanyika miaka mitatu kabla ya uhuru, ilihesabu watu milioni 8.26, na kati yao asilimia 52 walikuwa wanaume. Kwa eneo lililotoka katika vita vilivyodumu zaidi ya miaka 20, hesabu hiyo inazua swali iwapo wanawake wote walifikiwa na makarani. Kama hawakufikiwa, basi kila mpango uliojengwa juu ya sensa hiyo ulianza kwa kuwapunguza.

Utafiti wa kaya wa mwaka 2009 ulitoa picha iliyo wazi zaidi. Ulionyesha kuwa ni asilimia 27 tu ya watu wazima waliojua kusoma na kuandika: asilimia 40 ya wanaume, na asilimia 16 ya wanawake. Tofauti hiyo moja inabadilisha namna ya kupanga karibu kila mradi. Tangazo la kazi lililobandikwa ukutani linawafikia wanaume zaidi. Fomu ya mkopo inayojazwa kwa Kiingereza, lugha rasmi ya nchi, inawafungia nje wanawake wengi wa sokoni. Mafunzo ya biashara yanayoanza na daftari la hesabu yanahitaji kwanza darasa la kusoma.

Mfano wa jinsi takwimu zinavyoweza kujengwa unatoka katika mpango wa elimu ya wasichana uliofadhiliwa na Uingereza kuanzia mwaka 2013. Mpango huo uliwapa fedha taslimu wasichana wa madarasa ya juu ya shule za msingi na wa sekondari, lakini kabla ya kulipa ulihitaji kujua nani yuko shuleni. Ukaanzishwa mfumo wa kuorodhesha wanafunzi na kutuma mahudhurio kwa ujumbe wa simu. Nchi ambayo awali haikuweza kusema kwa uhakika ina wasichana wangapi madarasani ikapata orodha yenye majina.

Vilabu vya wasichana na vita

Jaribio lililofuatiliwa kwa makini zaidi nchini humo lilianza kabla ya uhuru. Mwaka 2008 Benki ya Dunia ilizindua mpango wa kuwasaidia wasichana kutoka masomoni kuingia katika kazi zenye kipato, katika nchi chache zikiwemo Liberia, Rwanda, Nepal na Afghanistan. Sudan Kusini ilikuwa mojawapo, na kazi ilikabidhiwa shirika la BRAC, lenye asili ya Bangladesh.

BRAC ilikuja na mfano iliokwisha kuutumia Uganda: vilabu ambamo wasichana hukutana mahali salama, wakiongozwa na mwenzao aliyewazidi umri kidogo, na kujifunza stadi za maisha, afya ya uzazi, kazi za mikono na utunzaji wa fedha. Tathmini iliyofanywa Uganda ilionyesha kuwa katika jamii zenye vilabu hivyo, mimba za utotoni zilipungua kwa zaidi ya robo na ndoa za mapema kwa zaidi ya nusu, na kwamba wasichana waliosema kuwa walilazimishwa kufanya ngono walipungua sana. Liberia nako, mafunzo ya kazi yaliongeza ajira kwa karibu nusu miongoni mwa walioshiriki.

Sudan Kusini vilifunguliwa vilabu 100 katika majimbo manne. Jamii zilichaguliwa kwa bahati nasibu, nyingine zikipata vilabu na nyingine zikisubiri, ili matokeo yalinganishwe. Kisha Desemba 15, 2013 mapigano yalizuka mjini Juba na kuenea nchini. Familia zilikimbia, na sehemu ya wasichana waliokuwa wakifuatiliwa hawakuonekana tena.

Watafiti waliporudi, swali lao lilikuwa limebadilika: mradi kama huu unaacha nini vita vinapoupitia? Jibu walilopata ni kwamba manufaa yalitegemea mno kiasi ambacho vita viliigusa kila jamii. Kwa wapangaji, maana yake ni kwamba katika nchi yenye hatari ya vita, uchambuzi wa jinsia hauwezi kuishia kwenye mafunzo na mitaji. Ni lazima uulize pia msichana atabaki na nini akilazimika kukimbia usiku: ujuzi atakwenda nao, ila cherehani huenda ikabaki.

Kamwenge: gharama ya kutouliza

Funzo chungu zaidi kwa wakopeshaji lilitoka jirani, magharibi mwa Uganda. Benki ya Dunia ilikuwa ikifadhili ujenzi wa barabara kutoka Kamwenge hadi Fort Portal. Kwa hesabu za kawaida ulikuwa mradi mzuri: ungefupisha safari na kuyafungulia masoko mazao ya wakulima. Ulileta pia mamia ya vibarua wa kiume, wenye mshahara, katika vijiji vyenye wasichana wa shule na familia maskini.

Wakazi walilalamika kuwa wafanyakazi wa ujenzi walikuwa wakiwadhulumu kingono wasichana wadogo, baadhi wakipata mimba na kuacha shule. Malalamiko yao yalifika katika jopo la ukaguzi la benki hiyo, na Desemba 2015 Benki ya Dunia ikafuta ufadhili wa mradi, hatua ambayo huchukuliwa kwa nadra.

Uchunguzi ulibainisha kuwa benki haikuyapima madhara ya wimbi la wafanyakazi wageni wala kuwa na njia ya kuyagundua mapema. Oktoba 2016 kiliundwa kikosi kazi cha kimataifa kuhusu ukatili wa kijinsia, kilichotoa mapendekezo yake Agosti 2017. Tangu hapo miradi hupangwa kwa kiwango cha hatari ya ukatili huo, wakandarasi hutakiwa kuwasainisha wafanyakazi wao kanuni za maadili, na njia za kupokea malalamiko huwekwa kabla kazi haijaanza. Kuanzia Januari 2021, mkandarasi anayekiuka masharti hayo katika miradi yenye hatari kubwa anaweza kuzuiwa kwa miaka miwili kupata kandarasi zinazofadhiliwa na benki hiyo.

Kwa Juba, masharti hayo yana uzito wa pekee. Ubakaji ulitumika kama silaha katika vita vya nchi hiyo, ikiwemo katika mapigano ya Julai 2016 ndani ya mji mkuu. Huduma za waathiriwa zimejengwa polepole: kituo kinachotoa matibabu, ushauri nasaha na msaada wa kisheria mahali pamoja kilifunguliwa katika Hospitali ya Mafunzo ya Juba mwaka 2017, na mahakama maalumu ya kesi za ukatili wa kijinsia na za watoto ilizinduliwa Desemba 2020. Mradi wa barabara au wa umeme unapotakiwa kuwa na mahali pa kumpeleka mwathiriwa, unategemea taasisi chache kama hizo. Nje ya Juba, mara nyingi hakuna.

Mradi wa dola milioni 70

Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha ruzuku ya dola milioni 70 kwa mradi unaolenga moja kwa moja kuwawezesha wanawake wa Sudan Kusini kijamii na kiuchumi. Unatekelezwa na UN Women, shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia masuala ya wanawake, pamoja na Wizara ya Jinsia, Watoto na Ustawi wa Jamii.

Mradi umegawanyika katika sehemu kuu nne. Ya kwanza ni vituo vya wanawake vinavyotoa elimu, stadi na mafunzo ya kazi. Ya pili ni mfuko wa kuwapa mitaji na ushauri wanawake wenye biashara. Ya tatu ni huduma kwa waathiriwa wa ukatili wa kijinsia, na ya nne ni kuijengea wizara yenyewe uwezo.

Mpangilio huo unafuata mantiki ya maswali matatu. Mwanamke asiyejua kusoma hawezi kutumia mtaji ipasavyo, na mwenye mtaji anayepigwa nyumbani huenda akanyang'anywa faida. Ndiyo sababu elimu, fedha na ulinzi vimewekwa chini ya paa moja.

Sehemu ya mitaji inagusa kizuizi kinachojulikana kote Afrika Mashariki: dhamana. Benki ya biashara hutaka hatimiliki ya ardhi au nyumba. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2009 inampa mwanamke wa Sudan Kusini haki ya kumiliki na kurithi ardhi, lakini migogoro mingi huamuliwa kwa mila, na mjane anaweza kuondolewa kwenye kiwanja cha marehemu mumewe na ndugu zake. Kwa sababu hiyo wengi hutegemea vikundi vya kuchangiana zamu kwa zamu, vinavyoitwa sanduk, ambavyo Mtanzania angevifahamu mara moja kama upatu. Vikundi hivyo vina uaminifu mkubwa, ila fedha yake ni ndogo na mfumuko wa bei huila upesi.

Benki ya Maendeleo ya Afrika imejaribu kulikabili tatizo hilo barani kote kupitia mpango wake wa AFAWA, ikikadiria kuwa wanawake wafanyabiashara wa Afrika wamepungukiwa dola bilioni 42 za mikopo. Njia yake ni kuzipa benki za biashara udhamini, ili hasara ikitokea zisiibebe peke yake. Njia hiyo hufanya kazi vyema palipo na benki nyingi zenye matawi. Katika nchi ambayo matawi ni machache na yako mijini, mwanamke wa kijijini hubaki na sanduk lake.

Hoja za wakosoaji

Ukosoaji wa kwanza ni kwamba alama ya jinsia hutolewa mradi unapoidhinishwa, si unapokamilika. Inapima ahadi. Afisa anaweza kujifunza namna ya kuiandika ahadi hiyo vizuri, na mradi ukahesabiwa kuwa wa mafanikio kabla hata mwanamke mmoja hajafikiwa.

Ukosoaji wa pili unahusu hoja ya uchumi yenyewe. Mpango wa benki wa mwaka 2007 uliutetea usawa wa kijinsia kama uchumi wa busara: ukiwekeza kwa wanawake, pato la taifa hupanda. Wanaopinga mtazamo huo wanasema haki ya mwanamke haipaswi kusubiri kuthibitishwa kwa faida. Msichana wa Kamwenge alistahili ulinzi iwe barabara ingeingiza fedha au isingeingiza.

Wa tatu unahusu mamlaka. Kwa kuwa mifumo ya fedha ya serikali ya Juba ni dhaifu, sehemu kubwa ya ruzuku hupitia mashirika ya Umoja wa Mataifa. Fedha hulindwa, lakini wizara huweza kubaki mtazamaji, na wataalamu wake wakazoea kusoma ripoti zilizoandikwa na wengine. Makubaliano ya amani ya Septemba 2018 yaliwatengea wanawake asilimia 35 ya nafasi serikalini. Tangu hapo mwanamke, Rebecca Nyandeng de Mabior, aliapishwa kuwa mmoja wa makamu wa rais mwaka 2020, na mwaka 2021 Jemma Nunu Kumba akawa spika wa kwanza mwanamke wa bunge la taifa. Hata hivyo kiti cha juu hakimaanishi kwamba aliyekikalia ndiye anayepanga bajeti, hasa katika nchi ambayo mapato yake karibu yote hutoka kwenye mafuta.

Kinachobaki mradi ukifungwa

Miradi ya wafadhili huwa na tarehe ya kuanza na ya kufungwa. Kwa hiyo kipimo cha mwisho cha kuingiza usawa wa kijinsia katika fedha za maendeleo ni kile kitakachoendelea siku ambayo magari yenye nembo hayaji tena: takwimu ambazo ofisi ya taifa itaendelea kuzikusanya, hakimu atakayeendelea kusikiliza kesi, hatimiliki yenye jina la mwanamke ambayo shemeji hawezi kuifuta.

Mjini Juba mambo hayo bado ni machache, lakini yanahesabika. Muuza chai wa Konyokonyo hatajua kama mradi uliomfikia ulikuwa na alama ya jinsia. Atajua kama alisoma jina lake mwenyewe kwenye karatasi aliyotia saini, kama mtaji wake ulivuka mwezi wa mtoto kuugua, na kama alipokwenda kushtaki, alikuta mlango uliofunguliwa.